Ada ya Dola Moja Katika Miaka ya Njaa

Katika mikusanyiko yetu mingi, zinapofika dakika za kutangaza michango, huonekana nyuso zikiinama. Si kwa ubahili, bali wengi waliokaa pale hawajui kesho watoto wao watakula nini. Na hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila jumuiya inayosimama kwa ada za wanachama wake hulikuta siku moja: je, mwenye njaa aombwe fedha kwa ajili ya kutetea haki, au haki ingoje mpaka tumbo lishibe? Swali hili twalisikia kama la kwetu, lakini watu weusi wa Marekani waliliishi kwa miaka kumi mizima, na chama chao kikubwa kilikaribia kupasuka kwa sababu yake. Tumeona ni vyema tulieleze jambo hilo kwa kirefu kidogo, kwani aghalabu husimuliwa ushindi wa miaka ya 1950 na 1960 tu, kana kwamba ulidondoka kutoka mbinguni.

Chama tunachokitaja ni kile kinachojulikana kwa herufi zake, NAACP, yaani Chama cha Taifa cha Kuwaendeleza Watu wa Rangi. Kiliasisiwa mwaka 1909 baada ya fujo za kikatili dhidi ya watu weusi katika mji wa Springfield, jimbo la Illinois, na waanzilishi wake walikuwa weusi kwa weupe. Mwaka 1919 kilihesabu wanachama wapatao 90,000, na jarida lake, The Crisis, lililohaririwa na Dk. W.E.B. Du Bois, lilikuwa likichapishwa karibu nakala 100,000 kwa mwezi. Ada ya chini ilikuwa dola 1 kwa mwaka. Wanachama walikuwa hasa walimu, madaktari, wachungaji, makarani wa posta na wenye maduka madogo madogo. Mkulima wa pamba na mfuaji nguo walikisikia chama hicho kikisemwa kwa heshima, lakini wachache mno walikuwa na kadi yake. Msomaji na aliweke neno hili akilini, maana tutalirudia.

Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka. Kwa watu weusi dhiki haikuanza siku hiyo, kwani bei ya pamba ilikuwa imekwisha kuwaumiza wakulima wa Kusini kwa miaka kadhaa, lakini sasa ilienea kila mahali. Mwaka 1930 benki ya Jesse Binga ya Chicago, iliyokuwa fahari ya wafanyabiashara weusi, ikafunga milango na akiba za watu zikapotea. Kufikia mwaka 1933 mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Miongoni mwa weusi wa mijini hali ilikaribia nusu kwa nusu. Kazi ambazo mzungu alikuwa akizikataa, kama kubeba mizigo, kufagia barabara na kupika majumbani, sasa alizitaka, na mweusi akaondolewa ili ampishe. Ukawapo msemo wa kale miongoni mwao kwamba mweusi ndiye wa mwisho kuajiriwa na wa kwanza kufukuzwa. Miaka ile iliuthibitisha.

Katika hali kama hiyo, nani atatoa dola 1? Matawi yakanyauka, mengine yakabaki jina tu. Wafadhili matajiri, waliokuwa wakiziba pengo kila mwaka, nao walipoteza mali zao au wakafunga mikono. Mfuko mmoja wa hisani wa New York ulikuwa umeahidi mwaka 1930 dola 100,000 kwa ajili ya kesi za kupinga ubaguzi, lakini hisa za mfuko wenyewe ziliporomoka, na fedha zilizotoka hazikufika hata nusu ya ahadi. The Crisis likawa haliwezi kujilipia, likategemea hazina ya chama ambayo nayo ilikuwa kavu. Mishahara ya makao makuu ikapunguzwa, na watumishi wakaanza kutazamana kwa jicho la shaka. Robert Bagnall, aliyekuwa mkurugenzi wa matawi, aliondoka mwaka 1933 akaenda kuongoza kanisa mjini Philadelphia. Fikiri, chama kinapoteza msimamizi wa matawi wakati uleule matawi yanapokufa!

Lililokiokoa chama, kwa maoni yetu, lilikuwa miguu ya mwanamke mmoja kuliko fedha ya tajiri yeyote. Daisy Lampkin wa Pittsburgh aliajiriwa mwaka 1930 kuzungukia matawi, na mwaka 1935 akafanywa katibu wa taifa wa kazi hiyo. Alikwenda mji hadi mji, akikusanya wanawake wa makanisani na wa vyama vyao vya kusaidiana, akiwaomba dola hizo moja moja kutoka kwa watu waliokuwa wakihesabu senti za mkate. Vitabu vya historia humpa mistari michache tu, ilhali mawakili wamejaziwa kurasa. Lakini wakili hupanda treni kwa nauli, na nauli ile mtu fulani aliikusanya.

Hata hivyo upungufu wa fedha, pamoja na ukali wake wote, ulikuwa ugonjwa mwepesi. Mzito ulikuwa huu: katika dhiki ile watu maskini walianza kuuliza kama chama hiki ni chao.

Machi 1931, vijana tisa weusi waliokuwa wamedandia treni ya mizigo walikamatwa katika jimbo la Alabama, wakasingiziwa kuwanajisi wasichana wawili wa kizungu. Mdogo wao kabisa alikuwa hajafikisha miaka 14. Katika siku chache tu mahakama ya mji wa Scottsboro ikawahukumu wanane kati yao kifo. Kwa desturi, hii ilikuwa kesi ya NAACP. Lakini makao makuu yalisitasita. Waliogopa, na hofu hiyo tunaielewa, kwamba endapo shutuma ile chafu ingekuwa ya kweli, jina la chama lingetiwa tope. Wakati wanapeleleza, chama cha utetezi wa wafanyakazi kilichokuwa chini ya wakomunisti kiliingia, kikaenda moja kwa moja kwa akina mama na akina baba wa vijana wale, kikakaa nao, kikawasikiliza. NAACP ilipofika, ilikuta mlango umefungwa. Vibaya zaidi, baadhi ya viongozi wake walitoa maneno ya kuwadharau wazazi wale kuwa ni watu wasio na elimu wasiojua lenye kuwafaa. Januari 1932 chama kikajitoa katika kesi.

Hapa hatutaki kuwatakasa wakomunisti. Walikuwa na shabaha zao, na walikitukana NAACP usiku na mchana kuwa ni kibaraka wa matajiri. Lakini mama ambaye mwanawe amehukumiwa kifo haulizi itikadi ya anayemshika mkono. Ada Wright, mama wa vijana wawili kati ya wale, alizungushwa Ulaya mwaka 1932 akiwalilia watu wamwokolee wanawe, na dunia ikamsikia. Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani ikazitengua hukumu zile kwa kuwa vijana hawakupewa mawakili wa maana. Na mwaka 1935 ikatengua tena, safari hii kwa sababu weusi walikuwa wamezuiwa katika orodha ya wazee wa baraza. Mwisho wa mwaka 1935 pande zote zikakubali kuunda kamati moja ya utetezi, NAACP ikiwamo. Ilichukua zaidi ya miaka minne ya matusi kufikia meza ambayo wangeweza kuikalia tangu mwanzo. Vijana wanne waliachiliwa mwaka 1937. Wengine waliendelea kusota gerezani.

Kisha ukaja mfarakano wa ndani, na huu ndio unaotuhuzunisha zaidi. Januari 1934 Dk. Du Bois, aliyekuwa ameliongoza The Crisis tangu toleo la kwanza la mwaka 1910, aliandika kwamba mweusi asingoje tena mlango wa mzungu ufunguke. Madhali ametengwa, na autumie utengo huo: ajenge vyama vyake vya ushirika, maduka yake na shule zake, anunue kwa ndugu na kumuuzia ndugu. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki aliyekulia katika zama za vyama vya ushirika, maneno hayo hayana ajabu. Lakini katika NAACP yalikuwa kama kuvuta nguzo ya nyumba, maana chama kiliasisiwa ili kupinga kutengwa kwa kila namna.

Katibu wa chama, Walter White, alipinga vikali, na tusidhani alikuwa akitetea cheo chake tu. Huyu alikuwa mtu mwenye ngozi nyeupe na macho ya buluu, aliyeweza kupita kwa mzungu popote, na kwa hila hiyo aliwahi kujipenyeza miongoni mwa wauaji na kuchunguza maovu yao huku roho yake ikiwa mkononi. Mwaka 1931 baba yake, aliyefanana naye kwa rangi, aligongwa na gari mjini Atlanta akapelekwa katika wodi safi ya wazungu. Ilipogunduliwa kwamba ni mweusi, alihamishwa upesi, mvua ikinyesha, akapelekwa katika jengo chakavu la weusi, na huko akafariki baada ya siku kadhaa. Mwana wa mtu huyo ataambiwaje kwamba utengo una faida yake?

Basi wote wawili walikuwa na hoja. Tukilazimika kusema, twaona Du Bois alikuwa na haki kuhusu njaa, na White alikuwa na haki kuhusu sheria. Na msiba ulikuwa kwamba hakukuwa na mtu wa kuwakalisha pamoja. Badala yake bodi ilipitisha azimio kwamba mtumishi yeyote anayelipwa na chama asikosoe siasa za chama katika jarida bila ruhusa yake. Sisi tunaoandika katika karatasi kama hii ya kila mwezi tunajua uzito wa azimio hilo. Chama kina haki ya kuwa na kauli moja, hilo hatulikatai. Lakini kumfunga mdomo mtu aliyelijenga jarida kwa miaka 23, katika mwaka ambao watu walikuwa na kiu ya fikra mpya, yalikuwa makosa. Du Bois akajiuzulu akiwa na umri wa miaka 66, akaenda kufundisha Atlanta, na jarida likakabidhiwa Roy Wilkins.

Wilkins mwenyewe hakuwa mtu wa mezani tu. Mwishoni mwa mwaka 1932 yeye na mwandishi George Schuyler walivaa matambara ya vibarua wakaingia katika kambi za ujenzi wa kingo za mto Mississippi, mradi wa serikali yenyewe, ambako weusi walifanya kazi saa nyingi mno kwa malipo ya karibu senti 10 kwa saa. Taarifa yao ilisukuma uchunguzi wa Seneti na hatimaye malipo yakapandishwa. Kazi ya namna hii ndiyo tungependa kuona chama kikiifanya kila mwezi, lakini haikuwa hivyo.

Rais Roosevelt alipoingia madarakani mwaka 1933, watu weusi wengi walipata nafuu kupitia kazi za serikali na chakula cha msaada. Hili lisifichwe, na ndiyo sababu wakahamishia kura zao kwake. Lakini msaada ulipitia mikono ya wenyeji wa Kusini, na mikono hiyo tunaijua. Mwaka 1933 serikali iliwalipa wenye mashamba ili wapunguze kilimo cha pamba. Fedha ikaenda kwa mwenye shamba, na mkulima mweusi aliyekuwa akilima kwa kugawana mavuno akafukuzwa pamoja na watoto wake, kwa kuwa shamba halikuhitaji tena mikono yake. Mwaka 1935 ulipoletwa mswada wa hifadhi ya jamii, wa pensheni za wazee na msaada wa wasio na kazi, wakili wa NAACP, Charles Hamilton Houston, alikwenda mbele ya Seneti akaufananisha na chekecheke lenye matundu ya kutosha kuwadondosha wengi wa watu weusi. Alisema kweli. Vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani waliachwa nje, na hizo ndizo kazi zilizowashika weusi wengi. Sheria haikutaja rangi hata mara moja. Hakukuwa na haja.

Na wakati huohuo damu ilikuwa ikimwagika. Kwa hesabu za Chuo cha Tuskegee, weusi waliouawa na makundi ya watu pasipo hukumu walikuwa 7 mwaka 1929, wakafika 20 mwaka 1930 na 24 mwaka 1933. Njaa huwatafutia watu wa kulaumiwa. White akaweka nguvu zake zote katika mswada wa kuyafanya mauaji hayo kuwa kosa la kitaifa. Seneta Costigan na Seneta Wagner waliuwasilisha mwaka 1934. Mwaka 1937 mswada mwingine ulipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 277 dhidi ya 120, lakini katika Seneti maseneta wa Kusini walisimama wakazungumza wiki baada ya wiki, wakipokezana maneno yasiyo na maana ili muda upite, hadi mwaka 1938 mswada ukawekwa kando. Roosevelt aliwahi kuyalaani mauaji hayo hadharani, lakini mswada hakuupigania, kwani alizihitaji kura za hao maseneta kwa sheria zake nyingine. Katika miaka hiyo, kila habari ya mauaji ilipofika, makao makuu ya chama katika barabara ya Fifth Avenue yalipandisha bendera nyeusi dirishani kuwatangazia wapita njia kwamba jana mtu ameuawa na umati. Mwenye nyumba akatishia kuwatoa, nao mwaka 1938 wakaiteremsha. Sheria ya namna waliyoitaka ilitiwa saini Machi 2022.

Wapo waliosema tangu wakati ule, na wapo wasemao leo, kwamba juhudi hizo za Seneti zilikuwa ufujaji wa fedha chache zilizokuwapo, na kwamba chama kilipaswa kuwashughulikia wafanyakazi. Vijana wasomi, akina Abram Harris na Ralph Bunche, walilisema hilo katika mkutano wa Amenia mwaka 1933, na Harris akaongoza kamati iliyopendekeza chama kigeuke kuelekea vyama vya wafanyakazi na elimu ya uchumi. Mapendekezo yalipokelewa kwa heshima, na sehemu kubwa ikabaki kwenye karatasi. Twaona walikuwa na hoja nusu. Mkulima anayeweza kuuawa kwa kudai hesabu ya pamba yake hawezi kujenga chama cha wafanyakazi; kwa hiyo kupinga mauaji kulikuwa sehemu ya kupigania mkate. Walichokosea viongozi ni kutomweleza hivyo mkulima mwenyewe.

Aliyeliona jambo hili kwa uwazi ni Houston. Mwaka 1934 alizunguka Kusini kwa gari na kamera, akizipiga picha shule za weusi, vibanda visivyo na madawati, kando ya shule za matofali za wazungu. Chama hakikuwa na fedha za kufungua kesi kila mahali, hivyo akachagua chache, zile ambazo ushindi mmoja ungejenga msingi wa kesi nyingine. Akishirikiana na mwanafunzi wake, Thurgood Marshall, alikifungulia kijana mweusi mlango wa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1935. Kisha ikaja kazi iliyounganisha sheria na mkate: mishahara ya walimu. Mwalimu mweusi wa Kusini alilipwa pungufu sana kuliko mzungu mwenye cheti kilekile. Marshall akashinda kesi ya mwalimu Walter Mills huko Maryland mwaka 1939, na mwaka 1940 ikashinda ya mwalimu Melvin Alston wa Norfolk, Virginia. Mwalimu aliyepandishiwa mshahara kwa amri ya mahakama hakuhitaji kubembelezwa ili alipe dola yake.

Tusiache kutaja kichekesho kimoja. Mwaka 1930 NAACP ilimpinga Jaji John J. Parker asiingie Mahakama Kuu kwa sababu aliwahi kusema vibaya juu ya ushiriki wa weusi katika siasa, na Seneti ikamkataa kwa kura 41 dhidi ya 39. Aliyeiandika hukumu ile ya Norfolk, akampa mwalimu mweusi haki yake, alikuwa Jaji Parker huyohuyo. Ama Marshall, wasomaji wa Kenya huenda wanajua kwamba mwaka 1960 alikwenda London kuwashauri wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa Lancaster House, akaandika rasimu ya haki za raia, akitaka haki za walio wachache zilindwe hata kama wachache hao ni walowezi wa kizungu.

Lakini mwaka 1940 wanachama walikuwa bado wapatao 50,000, pungufu ya wale wa mwaka 1919. Mawakili walishinda, viti vikabaki vitupu. Mabadiliko yalikuja kwa njia ambayo Harris na wenzake walikuwa wameiashiria. Aprili 1941 wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha Ford huko Dearborn, karibu na Detroit, waligoma, na maelfu ya weusi wakabaki ndani wakihofia kupoteza kazi waliyoipata kwa taabu. Walter White, yuleyule wa ofisi na Seneti, alisafiri hadi pale, akasimama langoni na gari la vipaza sauti akiwasihi watoke wajiunge na wenzao. Baadhi walitoka, wengi walibaki. Lakini walimwona. Miaka miwili baadaye tawi la Detroit lilikuwa na wanachama wapatao 20,000, wengi wao watu wa viwandani, kila mmoja na dola yake.